Somo: Kusomea QNX na kuomba kuona msimbo chanzo wake, ukiwa Tanga

Vijana watatu wamenifuata hapa Chumbageni mwezi huu na ombi lile lile: wanataka kuujua mfumo endeshi wa QNX, na wanataka msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu kama waundaji walivyoyaandika. Kiu hiyo naipenda. Ila wote wamechanganya mambo matatu. Kujifunza kuutumia mfumo ni jambo moja, leseni ya kuuendesha ni jambo la pili, na ruhusa ya kuona msimbo wake ni la tatu. Kila jambo lina mlango wake, na mlango wa tatu haufunguliwi kwa mtu ambaye hajapita ule wa kwanza.

QNX ilizaliwa Kanada mwaka 1980, mikononi mwa Gordon Bell na Dan Dodge, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waterloo. Tangu 2010 ni mali ya BlackBerry, na leo imo ndani ya mamilioni ya magari. Kwa hiyo ni mfumo wenye mwenyewe, na mwenyewe ana masharti yake.

Hatua ya 1: Leseni. Fungua akaunti kwenye tovuti ya QNX, kisha omba leseni ya bure ya toleo la 8.0 kwa matumizi yasiyo ya biashara. Andika jina lako halisi na barua pepe unayoifungua kila siku. Masharti yasome yote kabla ya kukubali. Najua ni marefu, lakini maswali mengi ninayoulizwa yameshajibiwa humo.

Hatua ya 2: Kupakua. Unapakua zana za kuandikia programu za QNX, na unahitaji kompyuta ya Ubuntu (mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux) au Windows. Mzigo ni mkubwa, kwa hiyo usianze na bando linalokaribia kuisha. Mimi huacha kompyuta ikipakua usiku.

Hatua ya 3: Kujifunza kwa mikono. Tafuta kibao cha Raspberry Pi 4, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Lipo faili la mfumo lililo tayari kwa ajili yake, unaliandika kwenye memori kadi na kuwasha. Programu yako unaiandika kwenye kompyuta kwa lugha ya C, unaijenga kwa amri hizi mbili, kisha unaihamishia kwenye kibao:

source ~/qnx800/qnxsdp-env.sh
qcc -Vgcc_ntoaarch64le -o salamu salamu.c

Ikishafanya kazi, usikimbilie mbele. Andika amri ya pidin kwenye kibao, uitazame orodha inayotoka ya michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi. Utaona mingi imeandikwa RECEIVE na mingine REPLY. Hapo ndipo penye roho ya QNX. Fikiria kwa mama ntilie pale Ngamiani. Mama amekaa kwenye kigoda anangoja wateja: hiyo ni RECEIVE. Mteja ameshaagiza wali na samaki, amekaa anangoja sahani: hiyo ni REPLY. Kiini cha QNX, yaani sehemu ya katikati inayosimamia mfumo wote, ni kidogo, na kazi yake kubwa ni kupeleka maagizo na kurudisha majibu. Draiva (programu zinazoendesha vifaa) na mifumo ya faili hukaa nje yake kama programu za kawaida, hivyo draiva ikianguka, kiini hakianguki nayo. Mtu asiyeielewa orodha hii, hata akipewa msimbo wa kiini hatajua aanzie wapi.

Vitabu vya maelekezo viko wazi mtandaoni. Madarasa ya mwalimu wa moja kwa moja ni ya kulipia, na hulengwa zaidi kwa kampuni.

Hatua ya 4: Msimbo. Anza na ulio halali mkononi mwako. Vifurushi vya kuwezesha vibao huja na msimbo wa kuwasha kibao pamoja na baadhi ya draiva, na programu huria zilizohamishiwa QNX ziko wazi kabisa. Kiini chenyewe ni habari nyingine. Septemba 2007 kilifunguliwa watu wakisome, kisha mwaka 2010, baada ya BlackBerry kuinunua QNX, mlango ukafungwa. Leo ni kuwaandikia QNX barua, na barua ya chuo au kampuni ina uzito kuliko ya mtu mmoja. Taja sehemu mahususi unayotaka kuona, sababu yake, nani ataisoma na itahifadhiwa wapi. Ukiandika "naomba msimbo wote" umeshajikatalia mwenyewe. Wakikubali, tegemea kusaini mkataba wa kutunza siri.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Sina hela ya kibao. Nifanyeje? (Makorora)*

Marahaba mwanangu. Tumia mkqnximage, inakuja na zana zile zile za Hatua ya 2. Inakutengenezea mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza, inayoendeshwa na programu ya QEMU ndani ya kompyuta yako. Zoezi la pidin linafanyika humo vizuri tu.

*Nimeunda kipimo cha maji ya tangi, na mwenye hoteli Raskazone anataka kukinunua. Leseni ya bure inatosha? (Sahare)*

Haitoshi, kaka. Ukipokea hela hiyo ni biashara. Waandikie QNX upate leseni ya biashara kabla ya kuuza, au kihamishie kwenye Linux. Kwa kipimo cha tangi, mimi ningechagua Linux.

*Kuna mtu anagawa msimbo wa mfumo mmoja uliovuja. Kuusoma tu kuna ubaya gani? (Pongwe)*

Upo, dada. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Tena ukishausoma, kazi yako ya baadaye inaweza kudaiwa kuwa umenakili. Na liko lililonipata mwenyewe: nililetewa flashi yenye "msimbo kamili", nikafungua faili moja tu, na virusi vilivyokuwamo vikazifunga kazi zote za wateja za miezi minane. Sikuzipata tena, ikanibidi nipite kwa wateja mmoja mmoja kuwaomba radhi.

*Sasa kiini nitakisoma wapi kama QNX wakikataa? (Duga)*

Soma MINIX 3 ya Andrew Tanenbaum. Nayo ina kiini kidogo na draiva ziko nje, na msimbo wake ni huria. Ukitaka kigumu zaidi ipo seL4, iliyofunguliwa mwaka 2014. Anza na MINIX, utafute mahali ujumbe unapopokelewa, kisha uje tuisome pamoja Jumamosi.