Kumchagulia Mtoto Klabu Mpya ya Jimnastiki Marekani

Mzazi anayeingia kwenye ukumbi mgeni wa jimnastiki hupokelewa kwanza na ukuta wa makombe. Utazame dakika moja, kisha geukia walioko mazoezini uhesabu wasichana wa miaka 14 hadi 17. Ukikuta umati wa watoto wa ngazi ya 3 na ya 4, kati ya ngazi 10 za mashindano, halafu ngazi ya 8 wamebaki wawili watatu, ujue klabu inapoteza watoto njiani. Uliza wamekwenda wapi. Mara nyingi wameumia au wamechoka. Wengine walikalishwa ngazi ileile miaka mitatu kwa sababu pale walikuwa wanaletea klabu medali.

Mfumo wenyewe ndio unaofanya hesabu hiyo iwe muhimu. Kwa wasichana, USA Gymnastics, shirikisho la jimnastiki la Marekani, ina ngazi 10. Ngazi ya 1 hadi ya 5 hutumia maonyesho yaliyopangwa tayari, yaleyale nchi nzima, hata muziki. Kocha mvumilivu anayerudiarudia anaweza kumfikisha mtoto hapo. Kuanzia ngazi ya 6 kila mtoto hupangiwa onyesho lake, na ngazi ya 10 huanza na alama 9.5: ile nusu ya kufikia 10 hupatikana kwa kuongeza miruko na miunganiko migumu. Kocha asiyezijua kanuni hizo atamwacha mtoto hodari akipoteza alama kabla hajapanda kwenye kifaa cha mashindano. Kwa hiyo uliza: nani anafundisha ngazi ya 7 kwenda juu, leo hii? Jibu la "tuliwahi kuwa na mtoto wa ngazi ya 10" halitoshi. Ipo pia njia ya Xcel, kuanzia Bronze hadi Sapphire, ambayo kwa kawaida hudai saa chache zaidi za mazoezi. Mtoto anayependa mashindano na pia anataka nafasi ya masomo anaweza kustawi huko, na wala si kushuka hadhi.

Wakati mzuri wa kuhama ni baada ya mashindano ya jimbo, mara nyingi mwezi wa Machi au Aprili. Klabu nyingi hupanga upya vikundi Mei na Juni, na kiangazi ndicho kipindi cha kujifunza vitu vipya. Anayehama Desemba hukuta ada za mashindano zimeshalipwa kwa klabu ya zamani, mavazi yameshashonwa, na mtoto hana muda wa kuwazoea makocha. Kabla ya kuaga, soma mkataba: klabu nyingi hutaka taarifa ya siku 30, na ada za mashindano mara nyingi hazirudishwi. Uanachama wa USA Gymnastics ni wa mtoto, huhama naye.

Omba siku mbili au tatu za majaribio, za katikati ya wiki, na ukae mpaka mwisho. Klabu isiyoruhusu mzazi kutazama, achana nayo papo hapo. Hesabu watoto kwa kila kocha; wakizidi wanane kwenye vyuma (fito mbili za kuning'inia) au boriti (ubao mwembamba wa kusimamia), muda mwingi utaishia kwenye foleni. Kisha subiri mtoto mmoja aogope.

Hapo ndipo utaijua klabu. Boriti ina upana wa sentimita 10 na iko sentimita 125 kutoka chini. Mtoto aliyekuwa akipinduka nyuma vizuri anaweza kuamka siku moja mwili umegoma. Simone Biles, bingwa wa Olimpiki, alijitoa kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 baada ya kupoteza hisia ya mwili wake uko wapi hewani, kwa hiyo hili si uvivu. Kocha anayejua kazi humrudisha hatua: mstari uliochorwa sakafuni, boriti ya chini, boriti ya juu iliyozungushiwa magodoro, kisha anayapunguza moja moja. Kocha wa kukimbia ni yule anayemwacha mtoto amesimama juu nusu saa huku wenzake wakitazama, au anayemwadhibu kwa kupanda kamba. Hofu inaongezeka, na mtoto anayeruka huku akisitasita ndiye anayeangukia shingo.

Ukiwa hapo, kanyaga magodoro ya kutua baada ya kuruka. Ukihisi sakafu chini ya kisigino, sponji imekwisha. Angalia pia yanapokutana: mwanya wa vidole viwili unatosha kutegua kifundo cha mguu.

Swali la afya liwe mahususi: "Mtoto akilalamika kifundo cha mkono, mnafanya nini?" Mifupa ya watoto hukua kwenye sehemu laini karibu na ncha, na jimnastiki huzipiga hizo hasa, mkononi na kisiginoni. Maumivu ya mgongo wa chini anapojipinda nyuma yanahitaji daktari, maana uti wa mgongo unaweza kuwa na ufa mdogo. Jibu zuri hutaja kupumzisha kiungo, mazoezi mbadala na daktari. Klabu inayopima watoto uzito au kutoa maneno kuhusu chakula chao, usirudi.

Baada ya kashfa ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa aliyewadhulumu kingono wanajimnastiki, hakuna sababu ya kuona haya kukagua. Tafuta jina la kila kocha kwenye orodha ya wazi ya Kituo cha SafeSport, kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni Marekani, na kwenye orodha ya waliofungiwa ya USA Gymnastics. Kocha hapaswi kukaa na mtoto faraghani wala kumtumia ujumbe bila mzazi kuuona.

Kwa familia zetu kuna jambo la ziada. Mtoto aliyelelewa kuamkia wakubwa na kutowajibu huweza kufanya mazoezi na mfupa unauma ili asionekane mkaidi. Mwambie waziwazi, kabla ya siku ya kwanza, kwamba kumwambia kocha "naumwa" au "sipo tayari" si utovu wa adabu. Kisha mwambie kocha mbele yake kwamba umemruhusu.

Dai gharama za mwaka mzima kwa maandishi: ada ya mwezi, mashindano, posho na safari za makocha, mavazi, na utunzi wa onyesho la sakafuni kuanzia ngazi ya 6.

Akishajiunga, muombe kocha amwanzishe mtoto kwa saa pungufu wiki mbili za kwanza, hasa kama vyuma vyao vina mnepo tofauti au sakafu yao ni ngumu zaidi. Kila jioni bonyeza visigino na vifundo vya mikono; maumivu yakidumu zaidi ya wiki, mpeleke kwa daktari wa michezo.