Jinsi ya kuishi na marafiki wa nje mpaka mradi wenu usimame imara

Kama kikundi chenu, shule au parokia imepata marafiki Ujerumani na sasa wanakuja kuwatembelea, soma hii kabla hujaanza kupanga viti. Mahusiano haya si mageni kwetu, Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, Dar na Hamburg walisaini 2010, afu kuna parokia na shule kibao zenye marafiki huko ambazo hazitangazwi popote. Mengine yanadumu miaka na miaka, mengine yanakufa kimya kimya baada ya mradi mmoja, na ukifuatilia mara nyingi si hela iliyoyaua, ni kila upande kudhani namna yake ya kukaa na watu ndo ya dunia nzima.

Anzeni na vitu vidogo kabla hawajapanda ndege. Ratiba andikeni 09:00, msiandike saa tatu maana kuna atakayetokea saa tisa alasiri. Na kama kikao cha saa nne mnajua watu watatimia saa sita mwambieni mgeni hivyohivyo, akishajua hana shida, kinachomchosha ni kukaa kwenye benchi hajui anasubiri nini. Shikamoo wajifunze kabla ya yote. Na ninyi mjue kwamba mgeni akiingia moja kwa moja kwenye ajenda bila kuuliza habari za nyumbani hajawadharau, kwao wengi kutokupotezea watu muda ndo heshima yenyewe.

Mezani, kwetu mgeni akisema hapana unamsihi tena na tena. Kwao wengi hapana ikishasemwa imetoka, ukimng'ang'aniza sana sato na ugali anaona unamlazimisha. Siku ukiwa kwao ukasema nimeshiba kwa adabu tu, sahani inaondoka na utalala njaa.

Sasa hapa kwenye kikao ndo pa kukaa muda mrefu. Wageni wanaleta wazo, tuseme kisima cha pampu ya sola karibu na shule. Mwenyekiti wa kijiji yuko mbele, mtendaji yupo, wazee wapo, mgeni anauliza mnakubaliana? Ndiyooo, makofi. Kina mama kule nyuma kwenye mikeka wanajua fika pale maji yana chumvi na eneo lenyewe lina mgogoro wa familia, lakini nani asimame ampinge mgeni mbele ya wazee, amwaibishe na mwenyekiti? Mjerumani naye amezoea kwamba mwenye kasoro anaisema palepale, akinyamaza amekubali, kwa hiyo anaandika kwenye ripoti jamii imeafiki na wala hajadanganya. Pampu inafungwa, watu wanaendelea kuchota kisima cha zamani, wageni wanasema watu hawa hawajali, wenyeji wanasema wageni hawasikilizi, na wote wanaumia kweli.

Fanyeni hivi. Msipitishe kitu siku hiyohiyo, kikao cha kwanza kiwe cha kusikia tu. Baada ya hapo kina mama wakae peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, bila mgeni na bila kiongozi, na anayeandika awe mmoja wao. Swali lisiwe mnataka kisima, hilo jibu lake linajulikana, liwe kitaharibika nini kwanza, nani atatengeneza na kwa hela ipi. Majibu yapelekwe bila majina, ndo mrudi kuamua. Na kama ni maji muoneni mapema RUWASA wa wilaya, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, ili mradi uwe chini ya chombo cha jamii cha kutoa huduma ya maji, usibaki yatima wageni wakishaondoka.

Hela ndo inavunja haraka zaidi. Kwetu kumletea mtu kadi ya mchango ni kumhesabu wa kwenu, ila mgeni aliyefika juzi akiletewa kadi ya harusi ya mtu asiyemjua anaona anatafutwa pochi. Mwacheni kwanza. Msiba ukitokea akataka kwenda nendeni naye, atoe kiasi kama cha wenzake, aandikwe kwenye daftari na wengine, basi, hapo mmemfanya ndugu. Naye akidai risiti ya bodaboda hajakuita mwizi, hela ile ni ya chama kwao na atatakiwa kuitolea hesabu. Boda hana risiti, tengenezeni daftari dogo: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, sahihi ya dereva.

Halafu jamani msikubali urafiki wa wao kuja tu. Andikeni kwenye makubaliano kwamba na ninyi mtaenda, barua ya mwaliko iombwe mapema, maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Mkifika huko usimpigie mtu hodi bila kupanga naye, chakula nunueni Jumamosi maana Jumapili maduka mengi yanafungwa kisheria, na mkiona kwenye mpango wao kuna kitu hakijakaa sawa kisemeni hapohapo kikaoni wote wakisikia, msisubiri mpaka mrudi nyumbani.