Kabla ya kubadilisha utaratibu wa kazi, wapeleke watu wako kwenye benchi la fundi

Mimi ni seremala. Ofisi zikiniita nisaidie watu wao kujifunza upya, nawafundisha kuchonga kiungo kimoja tu: ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu. Ukitaka kujaribu, fanya hivi.

Chukua watu wasiozidi wanane, wenye vyeo na wasio navyo, na utenge siku nzima. Wanoe patasi zao wenyewe, kwa pembe ya digrii 25 hadi 30. Usiwanolee. Aliyewahi kusukuma patasi butu na kuona mbao ikipondeka badala ya kukatika hutazama kwa jicho jingine zana anazowapa wasaidizi wake.

Mistari ya tundu ichorwe kwa kisu, maana kisu hukata nyuzi za mbao na patasi ikapata pa kukaa. Kisha waanzie katikati, wakisogea kidogo kidogo. Meneja mmoja aliweka patasi juu ya mstari na kupiga kwa nguvu; patasi ikasukumwa nyuma, ikaula mstari. Kijana wa stoo aliyekuwa kando yake akachukua kipande kingine, akamwonyesha bila kusema neno: acha milimita moja, uimalizie mwisho kabisa. Nilinyamaza, na wewe unyamaze yakitokea hayo. Wiki iliyofuata meneja yule alishuka stoo mwenyewe kuuliza kwa nini fomu ya kupokea mzigo inajazwa mara mbili.

Ulimi ukilegea, wasizibe pengo kwa gundi. Waanze upya, na kipande kilichoharibika kibaki mezani ili kila mmoja aeleze mkono wake ulikosea wapi.

Kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaandika kwenye ripoti. Mwaka 1985, kampuni ya Matsushita ya Japani ilihangaika na mashine ya mkate isiyokanda vizuri. Ikuko Tanaka, mtaalamu wake wa programu, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, akaona kwamba yule bwana huvuta unga huku akiusokota. Mashine iliyotokana na hilo ikaingia sokoni mwaka 1987.

Kwa hiyo kesho yake chagua kazi moja ya ofisini. Watu wawili wa idara nyingine waifanye kwa mikono yao siku tatu, bila kutoa ushauri, kisha waseme walikwama wapi. Rekebisheni hapo tu kwanza, na anayeifanya kazi hiyo kila siku ndiye aandike utaratibu mpya.