Usimwachie mzee ashinde: bao, bustani na pwani kwenye nyumba ya wazee

Ukitaka kujua kama shughuli uliyowapangia wazee inafaa, jiulize: isipofanyika leo, nani atalalamika? Mchicha usipotiwa maji utanyauka, na jikoni watauliza. Bao likikosa mpinzani, mzee atanuna mpaka magharibi. Lakini ukiwakusanya ukumbini wapige makofi na kupaka rangi picha za katuni, kesho ukisahau hakuna atakayekukumbusha. Wazee wanajua wanapochezwa shere.

Mimi ni mhudumu wa wazee hapa Unguja. Haya nayaandika kwa wahudumu wenzangu, na pia kwa aliye na mama au babu nyumbani anayeshinda kitandani akitazama dari.

Kabla hujanunua chochote, ulizia kazi zao za zamani. Toa shikamoo, kaa mkekani, uliza taratibu: bibi alikuwa akifanya nini, mzee alikuwa fundi wa nini. Andika kwenye daftari: mvuvi, mshona kofia, mpishi wa shughuli, dereva, mchuma karafuu. Mtu anaweza kusahau kama amekunywa chai asubuhi, na mikono yake ikawa haijasahau kitu. Msimu wa karafuu ukifika, tafuta gunia moja la mbichi, tandika jamvi kivulini, waite wanaotoka Pemba wachambue. Bibi ambaye wiki nzima hajanena neno utamkuta vidole vyake vinatenganisha karafuu na makonyo huku anamsuta mwenzake kwa kuchanganya. Ifanye mashindano: makundi mawili, kila moja pishi yake, na ushindi uwe wa usafi wa karafuu, usiwe wa mbio. Hakimu awe mmoja wao, siyo wewe. Wewe huijui karafuu.

Msimu ukipita, waletee mchele wa chakula cha mchana wauchague na kuupepeta. Uwe mchele utakaopikwa kweli. Nimeona watu wanachanganya choroko na maharage kwa makusudi ili wazee “wapate zoezi” la kuzitenganisha. Usifanye hivyo. Siku ya pili tu watakuuliza ni nani huyu kila siku anamwaga vitu.

Bustani haihitaji uwanja. Wazee wengi hawawezi kuinama, kwa hiyo udongo ndio upande juu uwafuate. Weka ndoo kuukuu na madebe yaliyotobolewa chini kwenye meza imara, na chini ya meza uache nafasi ya kama sentimita 70 ili magoti ya aliye kwenye kiti cha magurudumu yaingie. Changanya udongo na samadi iliyokauka vizuri. Anza na mchicha, kwa sababu baada ya wiki tatu au nne mtu anachuma, na mwenye umri wa miaka 80 hataki kuambiwa habari za mche wa embe. Ongeza mnanaa, mchaichai na mrehani, ambavyo hata asiyeona anavitambua kwa kuvigusa na kunusa. Mpilipili uwe mbali kidogo, maana mkono uliochuma pilipili ndio huohuo unaokwenda kufikicha jicho. Mbarika usiupande kabisa, hata kama ni mzuri wa kivuli: mbegu zake ni sumu, na mwenye ugonjwa wa kusahau huweka vitu mdomoni.

Kila chombo kiwe na mwenyewe. Wengi wao hawaoni vizuri kwa ajili ya mtoto wa jicho, na wengine hawakusoma, basi majina yaliyoandikwa hayasaidii sana. Funga kipande cha khanga ya mwenyewe kwenye ndoo yake. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi apewe kopo dogo la kumwagilia kwa mkono mzima, na ule mkono dhaifu uwekwe juu ya ukingo wa ndoo ushike, hata kama hauna nguvu. Usimfanyie. Akichukua nusu saa kumwagilia ndoo moja, nusu saa hiyo ndiyo shughuli yenyewe.

Pembeni mwa ukuta panda asumini. Hili nalisisitiza kwa sababu nyumba nyingi za wazee zinanuka dawa ya sakafu tu. Vikonyo huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vinatungwa, na usiku vinafunguka. Tafuta sindano yenye tundu kubwa na uzi wa rangi nzito. Ukipata na mawaridi na kilua, kina bibi watatengeneza vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, wenyewe bila kuelekezwa, na mazungumzo yatakayozuka hapo, ya harusi na mawifi na nani alimwacha nani, sikiliza kimyakimya wala usiyapeleke kwingine.

Wanaopenda ndege, usiwape mchele wa kurusha. Watakuja kunguru, hawa waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, nao huwafukuza ndege wadogo na kuiba hata mkate wa mzee mkononi. Panda maua mekundu karibu na baraza, chozi watakuja wenyewe kunyonya utamu wake. Ukiweka beseni la maji kwa ajili ya shore na shomoro, maji yabadilishwe kila siku. Mbu wa dengi wanayapenda maji yaliyotulia.

Sasa michezo. Bao ndilo kubwa, na hapa ndipo wahudumu vijana wanapoharibu, kwa huruma zao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo lake kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 akazibakisha mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni mojamoja. Mzee aliyelicheza tangu ujana huhesabu mizunguko miwili mbele huku wewe bado unatafuta nyumba iko wapi. Ukimwachia ashinde atajua, na hatacheza nawe tena. Usipoliweza bao, mtafutie mpinzani mtaani. Wazee wa baraza la msikitini huja kwa furaha wakihakikishiwa kahawa.

Akianza kupotea kwenye kunamua, badilisha mpango: kete mbilimbili katika kila shimo, hakuna akiba mkononi, mnaanza moja kwa moja kucheza mtaji, yaani kwa kete zilizomo ubaoni tu. Hilo huitwa bao la kujifunza, ila usilitaje kwa jina hilo mbele yake. Mwambie tu leo tucheze haraka haraka. Kwa macho dhaifu bao ni zuri kuliko michezo mingine, kwani kete za komwe huhesabika kwa vidole. Zihesabu mwisho wa mchezo zote 64, kwa sababu kete iliyopotea inaweza kuwa mdomoni mwa mtu.

Dhumna, vipande 28, ni ya kelele. Isogeze mbali na waliolala, lakini usikataze kupiga meza. Mkono unaoinuka na kushuka kwa nguvu namna ile unapata mazoezi ambayo mhudumu angebembeleza asubuhi nzima bila kuyapata. Kama madoa yamefifia, yapake rangi nyeupe nzito. Keram nayo iweke kwenye meza ya juu kidogo, anayeweza kusimama asimame zamu yake akishika ukingo, kisha akae. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke siku tatu au zaidi kwa wiki. Kusimama na kukaa kwa ajili ya keram kunasaidia. Kandambili zilizolika zitolewe kwanza.

Kwa wasioweza kutoka kitandani kuna vitendawili. Vinahitaji sauti tu. “Kitendawili!” “Tega!” “Kuku wangu katagia mwibani.” Wakijua nanasi, vizuri; wakishindwa, mtegaji anadai mji. Hapo ndipo pana utajiri, maana mtu hatoi mji wowote tu, anatoa alipoishi. Mmoja atakupa Chake Chake, mwingine Tanga, mwingine Muskat. Uliza alikaa mtaa gani na jirani alikuwa nani. Kitendawili kinaweza kungoja.

Safari ya pwani ipange kwa kuufuata mwezi wa angani. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji ndipo hupanda sana. Nenda wakati maji yanajaa, siyo yamekupwa, ili bahari iwafuate wazee badala ya wao kuifuata juu ya mawe. Magurudumu hayaendi mchangani, basi simama penye ardhi ngumu chini ya mivinje. Kila mzee apewe kijiti aelekeze kichomekwe wapi, pale anapodhani maji yatafika. Kisha mnasubiri mnakunywa kahawa. Wavuvi watashinda, na watakueleza kwa nini: upepo ni kusi au kaskazi, jana maji yalijaa saa ngapi, leo yatachelewa kama dakika 50. Walimu na makarani watabisha. Waache wabishane.

Tokeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Wazee hupungukiwa na hamu ya maji, na wengine hukataa kunywa makusudi kwa aibu ya kuomba choo. Kwa hiyo kitu cha kwanza mkifika, kabla ya bahari, waonyeshe choo kiko wapi na nani atawapeleka. Baada ya hapo watakunywa.

Siku ya Pensheni Jamii, inayolipwa Zanzibar tangu 2016 kwa waliofika miaka 70, usipange kitu. Kila mtu ana shughuli zake.

Asiyetaka kushiriki asilazimishwe. Mpe daftari aandike washindi, au ahukumu. Dau lisiwe pesa wala halua, maana wengi wana sukari. Anayefungwa amimine kahawa. Na wakigombana juu ya kete iliyohama shimo, usikimbilie kuamua. Sogeza tu mikongojo mbali na ubao.