Kupanda na kuzalisha mimea ya shina kwenye tangi la samaki kwa maji ya Kigoma

Kabla ya kununua hata mche mmoja, fikiria maji. Bomba za Kigoma mjini huleta maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi) ni karibu 9. Katika maji hayo kaboni dayoksaidi huru, ambayo mimea huitumia kukua, ni haba mno. Kaboni iliyopo iko katika umbo la bikaboneti, yaani chumvi iliyoyeyuka majini. Mmea usioweza kutumia bikaboneti hudumaa hata ukiuwashia taa kali namna gani.

Ndiyo maana tunashauri uanze na Ceratophyllum demersum, ambao huota ziwani humo humo, au Hydrilla verticillata. Rotala na Ludwigia ni mirembo, lakini inataka maji laini zaidi, yaani yenye madini machache: changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ukiacha mvua za kwanza zioshe bati. Kama unafuga samaki wa Tanganyika, usichanganye. Samaki hao wamezoea maji magumu.

Mmea uliong'olewa ziwani au mtoni ushike kwa glovu. Konokono wanaong'ang'ania majani huweza kubeba kichocho. Waondoe wote pamoja na mayai yao, yale matone ya utelezi chini ya majani, kisha suuza mara kadhaa kwa maji safi.

Kwa tangi la lita 60, weka mchanga wa punje za milimita 1 hadi 2, kina cha sentimita 6. Uoshe mpaka maji yatoke safi, na uchague vipande vya makombe, maana huzidisha ugumu wa maji. Taa iwake saa 7 kwa siku. Ukizidisha kwenye tangi jipya, mwani utawahi kabla ya mimea kushika.

Kukata ndiko kuzalisha. Chukua shina lenye afya, pima sentimita 12 kutoka kileleni, ukate chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapotokea. Tumia wembe mpya. Mkasi butu husaga shina na jeraha huoza. Ondoa majani ya vifundo viwili vya chini, kwa sababu jani lililofukiwa huoza na kuozesha shina. Chomeka sentimita 4 mchangani kwa kibanio, shina moja moja, umbali wa vidole viwili. Ukipanda kwa kishada, mashina ya katikati hukosa mwanga. Mizizi hutoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Ceratophyllum haina mizizi kabisa: ifunge kwenye jiwe kwa uzi au iache ielee.

Kisiki usikitupe. Chini ya mkato huchipua matawi, mara nyingi mawili, na ndivyo kichaka kinavyonenepa. Baada ya kukata mara nne au tano, sehemu ya chini hukakamaa na kubaki uchi. Hapo ng'oa vyote, panda upya vilele tu.

Vipandikizi vikielea asubuhi, mara nyingi ni samaki wanaochimba mchanga. Zungushia kokoto mpaka mizizi ishike. Umbali kati ya vifundo ukirefuka, taa ni hafifu. Majani mapya yakipauka huku mishipa ikibaki kijani, chuma kimepungua: katika pH ya juu hugeuka kutu na mmea haukipati, hivyo tafuta mbolea ya chuma aina ya EDDHA (kemikali inayokishikilia chuma kisigeuke kutu), si DTPA wala EDTA, ambazo hushindwa kwenye pH ya karibu 9. Ukoko mweupe unaokwaruza juu ya majani ni chokaa, alama kwamba mmea unakula bikaboneti. Hauna madhara, ingawa unachusha macho. Mche wa dukani ukipukutisha majani wiki ya kwanza, subiri: mingi hukuzwa hewani, na majani ya majini huja baadaye.

Mabaki ya kukata yakaushe juani au uyafukie shambani. Ziwani wala mferejini yasiende.