Kufunga Plaiwudi Kwenye Kuta za Karakana ya Mabati

Usibandike plaiwudi kwenye bati. Usiku bati hupoa na kutoka jasho upande wa ndani; plaiwudi iliyoligusa hunyonya maji, huota ukungu na kubanduka tabaka. Simamisha kwanza fremu ya mbao za 2 kwa 4 upande wa ndani wa vyuma vya ulalo (vile vinavyoshikilia bati), ili nyuma yake ibaki nafasi. Ifunge kwenye vyuma hivyo kwa skrubu zinazojitobolea chuma. Bati lenyewe usiliguse, maana tundu moja tu linatosha kuvujisha mvua. Mbao inayolala kwenye zege iwe imetiwa dawa, na chini yake tandika nailoni nzito.

Wengi hukosea kwenye kupima. Shiti ina upana wa milimita 1220, na kati ya shiti na shiti unaacha milimita 3 za kutanukia. Kwa hiyo nguzo za fremu zinazobeba maungio ya shiti zikae kila milimita 1223, nguzo moja ikiwa katikati ya kila mbili. Ukipima 1220 kila mara, ukifika shiti ya kumi umeshahama milimita 27. Nguzo ya milimita 50 ina 25 tu kila upande wa mstari wake wa kati, basi ukingo wa shiti unaning'inia hewani.

Nyaya zipite kabla ya kufunga, kwenye matundu ya katikati ya mbao, mbali na ncha za skrubu. Piga picha ukuta ungali wazi. Utaihitaji siku ya kuning'iniza rafu.

Plaiwudi ya unene wa milimita 12 inatosha. Kwa rafu za vyuma vizito chukua 18. Inua shiti juu ya vipande vya plaiwudi hiyohiyo ili isiguse sakafu, hakikisha ya kwanza kwa timazi, kisha piga skrubu za milimita 40: kila milimita 150 kingoni, 300 katikati. Shiti moja hula kama 55. Kichwa cha skrubu kiishie usawa wa uso. Kikizama kimekata tabaka la juu.

Kwa soketi, paka chaki kingo za boksi, kandamiza shiti, nayo itachapika alama mgongoni. Kata ukifuata alama hiyo.

Pembe ya kuchomelea isivishwe plaiwudi kabisa. Weka hapo ubao wa saruji.