Kupima sakafu ya mbao kabla ya kuweka tangi la samaki

Nyumba nyingi ninazozikarabati hapa Goma ni za mbao, zimeinuliwa juu ya mawe ya lava, na mwenye nyumba anayetaka tangi la samaki sebuleni huniuliza kwanza kama sakafu itavunjika. Mimi huhofia zaidi kupinda, kwa sababu kona moja ya tangi ikishuka milimita chache tu, kioo kinaweza kupasuka ilhali mbao zote bado ni nzima.

Anza na hesabu. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 hubeba lita 300, yaani bidoni 15 za lita 20, na kila lita ina kilo moja. Ukijumlisha kioo, changarawe na meza, unakaribia kilo 430 juu ya eneo la mita ya mraba 0.6, wakati sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Usikate tamaa: kipimo hicho ni cha chumba kizima, na hapa kinachoamua ni mahali.

Pili, tafuta boriti, yaani mbao nene zinazobeba sakafu kwa chini, kwa kufuata mistari ya misumari. Tangi likae kando ya ukuta zinapoishia boriti, likatize boriti tatu au zaidi. Likilala sambamba na boriti moja katikati ya chumba, hiyo moja itabeba karibu mzigo wote.

Tatu, ng'oa ubao mmoja au miwili uone chini, hata kama sebule imepakwa rangi jana. Choma kila boriti kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mti umeoza. Kagua pia pale boriti inapokalia jiwe, kwani mafundi wengi hujaza pengo kwa vipande vya mbao ambavyo hukauka, hulegea na kuiacha boriti ikining'inia. Vitoe, ujenge nguzo fupi ya mawe na saruji.

Nne, kabla ya kununua tangi, vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, pima umbali wake na sakafu, kisha panga bidoni 21 zilizojaa, karibu kilo 430 zilezile, mahali tangi litakapokaa, zikae wiki nzima, maana mbao huendelea kushuka polepole. Zikishusha sakafu zaidi ya milimita tatu, mimi huongeza nguzo na kupima upya.

Hatimaye sawazisha meza kwa pima maji (kifaa chenye kiputo kinachoonyesha usawa), ujaze tangi robo kwa robo, ukipima tena kila baada ya robo.